Upendeleo wa rangi wameufuta, wa ukoo wameuacha

Tangu ile hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya Juni 2023, iliyovikataza vyuo kuangalia rangi ya mtu wakati wa kuchagua wanafunzi, kuna swali nalisikia kila mjadala huu ukianza, eti watu weusi wataendelea kupewa upendeleo maalum mpaka lini? Utumwa uliisha 1865, sheria za ubaguzi zimefutwa miaka ya sitini, Obama kawa rais mara mbili, sasa bado wanataka nini. Mi naona swali lenyewe si baya, sera yoyote ile lazima watu waulize mwisho wake ni lini, ila linaulizwa kwa upande mmoja tu na hapo ndo nashindwa kukubaliana na watu.

Turudi nyuma kidogo maana wengi wanadhani hii kitu ilianza vyuoni. Ilianza kwenye ajira. Mwaka 1961 Rais Kennedy alitoa amri kwa makampuni yanayochukua tenda za serikali, kwamba kusema tu hatubagui haitoshi, chukueni hatua mtu aajiriwe bila kuangaliwa rangi yake. Rais aliyemfuata, Johnson, akaitilia nguvu 1965, na mwaka huohuo akaenda kuhutubia Howard, chuo kikuu cha watu weusi pale Washington, akasema huwezi kumchukua mtu aliyefungwa minyororo miaka na miaka, ukamfungua, ukamleta kwenye mstari wa kuanzia mbio ukamwambia haya uko huru kushindana na wenzako, halafu ukaamini moyoni kwamba umemtendea haki. Huyu ni mzungu wa Texas anaongea, na mpaka leo sijakutana na mtu aliyelijibu hilo likajibika. Hata Nixon wa chama cha Republican ndo aliyesukuma mpango wa Philadelphia mwaka 1969 wa kuyataka makampuni ya ujenzi yaingize mafundi weusi, kwa sababu vyama vya mafundi vilikuwa vimewafungia nje. Kwa iyo hata wanaosema ni ajenda ya chama kimoja, historia haiwaungi mkono.

Sasa kilichoharibu mambo, kwa maoni yangu, ni 1978. Chuo cha udaktari cha Davis kule California kilikuwa kimetenga nafasi 16 kati ya 100 kwa ajili ya wanafunzi wa makundi madogo, mwombaji mzungu anaitwa Allan Bakke akashtaki, na Mahakama Kuu ikasema kutenga namba hairuhusiwi ila chuo kinaweza kuangalia rangi kama kitu kimoja kati ya vingi. Watu wengi weusi walishusha pumzi, sera imepona. Lakini angalia sababu aliyoikubali Jaji Powell: kufidia dhuluma ya jamii nzima akaikataa, akakubali kwamba chuo kinanufaika kikiwa na wanafunzi mchanganyiko. Yaani deni likageuzwa kuwa mapambo ya darasa. Kuanzia hapo kwa miaka 45 vyuo vimekuwa vikienda mahakamani kueleza jinsi mchanganyiko unavyofanya masomo yawe mazuri, na yule aliyedhulumiwa hatajwi kabisa, halafu leo tunashangaa kwa nini watu wamesahau hii sera ilikuwa ya nini.

Na deni lipo, tena lina karatasi. Miaka ya thelathini shirika la serikali lilichora ramani za miji na mitaa ya watu weusi ikapakwa rangi nyekundu kuonyesha kwamba kukopesha hapo ni hatari, na serikali ikawa inadhamini mikopo ya nyumba kwa wazungu huku weusi wakinyimwa. Ikaja sheria ya kuwasaidia wanajeshi waliotoka Vita vya Pili vya Dunia, 1944, mtu anarudi vitani anadhaminiwa mkopo. Kwenye miji 13 ya Mississippi mwaka 1947 mikopo zaidi ya 3,200 ilitolewa chini ya mpango huo na waliopata weusi ni wawili. Wawili! Watu waliovaa sare moja na kupigana vita moja. Na Marekani nyumba ndo akiba ya familia ya kawaida, ndo inayomsomesha mtoto bila mkopo, ndo anayorithi mjukuu, na shule za serikali kwa sehemu kubwa zinaendeshwa kwa kodi za majengo za eneo husika, kwa iyo aliyezuiwa kununua nyumba mtaa mzuri 1947 wajukuu wake nao walizuiwa shule nzuri humohumo. Sheria ya kupiga marufuku ubaguzi wa nyumba ilikuja 1968 lakini haikurudisha nyumba ya mtu. Utafiti wa benki kuu yao wa 2022 unaonyesha familia ya kizungu ya katikati ina mali ya kama dola 285,000 na ya weusi kama dola 44,900. Huo si uvivu wa mtu, ni hesabu iliyoanzia kwenye ramani.

Kuna wanaosema basi tuangalie umaskini tu tuache rangi. Umaskini uangaliwe, kabisa, mtoto wa mzungu maskini anastahili msaada na sijawahi kuona kwa nini hayo mawili yagombane. Ila kipato peke yake hakikamati kila kitu. Kuna watafiti walituma CV za kubuni karibu 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, sifa zinalingana, tofauti ni jina tu, Emily na Greg kwa upande mmoja, Lakisha na Jamal kwa upande mwingine. Matokeo yalichapishwa 2004, majina ya kizungu yaliitwa kwa asilimia 50 zaidi. Mwajiri pale hakuuliza Lakisha anatoka familia maskini au tajiri.

California wamejaribu bila rangi muda mrefu, walipiga kura 1996 kufuta. Miaka kumi baadaye UCLA, chuo kikuu cha jimbo kilichopo Los Angeles, kilipata wanafunzi wapya weusi 96 kati ya karibu 5,000. Vyuo vya jimbo vimetumia zaidi ya nusu bilioni ya dola kutafuta njia nyingine na bado wenyewe waliiambia mahakama kwamba hazijatosha. Baada ya hukumu ya 2023, kwenye chuo cha MIT weusi kati ya wanafunzi wapya walishuka kutoka kama asilimia 13 hadi 5, chuo cha Amherst kutoka 11 hadi 3. Nikiwa mkweli, Yale na Princeton namba karibu hazikusogea mwaka wa kwanza, kwa iyo picha si moja kila mahali.

Malalamiko ya wanafunzi wenye asili ya Asia, kwamba wanabaguliwa wakati wa udahili, nayo nayachukulia kwa uzito wote. Ile kesi iliyozaa hukumu ya 2023 ilitoa data kwamba Harvard walikuwa wanawapa alama za chini kwenye haiba, na kumwambia mtoto aliyefaulu eti haiba yako haivutii ni kosa na lilipaswa kukomeshwa. Lakini kesi hiyohiyo ilitoa data nyingine ambayo hawaisemi sana, kwamba asilimia 43 hivi ya wazungu waliochaguliwa Harvard walikuwa wanamichezo walioitwa na makocha, watoto wa waliosoma hapo, watoto wa wafanyakazi wa chuo au waliokuwa kwenye orodha maalum ya mkuu wa udahili, mara nyingi wenye uhusiano na wafadhili. Hata Jaji Gorsuch, na yeye alipiga kura ya kufuta rangi, aliandika kwamba upendeleo wa namna hiyo unawafaidisha zaidi wazungu na matajiri. Na hukumu haikuugusa. Huo wa ukoo, wa mtoto kupendelewa kwa sababu ya mzazi wake, mbona hatuulizi mpaka lini?

Jaji O'Connor mwaka 2003 alitarajia kwamba baada ya miaka 25 sera isingehitajika tena, yaani 2028, na mahakama haikusubiri hata hiyo. Januari 2025 Trump akafuta na ile amri ya Johnson ya 1965. Mi ningependa badala ya kuhesabu miaka tuhesabu pengo. Mali za familia benki kuu inapima kila baada ya miaka mitatu, na lile jaribio la CV linaweza kurudiwa wakati wowote. Siku Lakisha akipigiwa simu sawasawa na Emily, mi nitaunga mkono sera ifutwe na sitanung'unika. Ila upendeleo wa ukoo hauhitaji kusubiri kipimo chochote, California walishapitisha sheria 2024 ya kuupiga marufuku hadi kwenye vyuo binafsi, na majimbo mengine yanaweza kufanya hivyo mwaka huu huu.