Barabara Kuu ya Kaskazini, daftari la tatu: Babati hadi Dodoma

Daftari la tatu limejaa. Nimemaliza Babati hadi Dodoma, na kwa hiyo upande wote wa kaskazini sasa umekamilika: Namanga, Longido, Arusha, Makuyuni, Babati, Kondoa, Dodoma. Kwa wageni, mradi ni huu: kupita kila mji wa Tanzania uliokuwa kwenye barabara ya wakoloni ya kutoka Cape Town hadi Cairo, ile waliyoiita Great North Road, na kutafuta njia ya zamani ilipopita kabla ya lami.

Nianze na kosa. Spidomita ya pikipiki yangu ilibadilishwa na fundi mwezi kabla ya safari, nami sikuipima. Kipande cha Bonga hadi Babati kwenye mikataba ya ujenzi wa lami ni kilomita 19.2. Mimi nilisoma 21. Nikadhani nimekosea pa kuanzia. Nilipofika Dodoma ikasoma 276, wakati Dodoma–Babati yote ni 251. Hapo nikaelewa: kila kilomita kumi inanihesabia kumi na moja. Umbali wote wa daftari hili itabidi niupigie hesabu upya kwa mkono.

Sasa Kondoa. Nilipanga siku moja, nikakaa tatu. Huu ni mji ambao wengi wetu tumeupita usiku ndani ya basi, ilhali mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yaliupigania vikali. Jeshi la Jenerali van Deventer liliteremka kutoka kaskazini katikati ya masika, likauteka mwezi Aprili, na Mei Wajerumani wakaja kuutaka tena wakashindwa. Aliyeshika Kondoa alishika njia ya kwenda kwenye reli ya kati. Vita vya pili vilipokuja, mji ukapokea wakimbizi wa Kipolandi. Kambi yao kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, na nyingine ilikuwa Ifunda, kusini ya Iringa. Ukizitia alama kwenye ramani, zote tatu zinaifuata barabara hii hii.

Wenyeji walinielekeza kwa mzee mmoja aliyekuwa tandiboi wa malori miaka ya 1960. Nikamkuta barazani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa. Umekuja kwa habari ya barabara?”

Alichora mchangani kwa fimbo: hapa mto, hapa malori yalipolala mvua ikinyesha milimani na maji yakijaa, wakati mwingine siku mbili. Kisha akamwita mjukuu alete kitu kilichokuwa kikizuia mlango wa jikoni. Ni gogo la mninga, refu kama mkono kutoka kiganjani hadi kiwikoni, limechongwa upande mmoja kama kabari. Lori likisita kwenye mlima wa Bereku, tandiboi aliruka na gogo hilo na kulisukumia nyuma ya tairi kabla gari halijarudi. Juu yake bado kuna mistari ya tairi iliyodidimia kwenye mti. Nilipitisha kidole humo. Tangu nianze mradi huu sijashika kitu kilichonigusa kama gogo lile.

Nikamuuliza malori yalikwenda wapi. Akasema, “Yalihamia Morogoro.” Ndivyo ilivyokuwa. Lami ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, mizigo ya kusini ikifika Iringa ilikunja kwenda baharini. Wa Arusha wakashika njia ya Segera na Chalinze. Katikati, Kondoa ikabaki na vumbi kwa zaidi ya miaka arobaini. Lami ya Dodoma–Babati ilizinduliwa 2018. Kwa maoni yangu historia nzima ya barabara hii imo katika pengo hilo, na hiyo ndiyo sababu napingana na wanaoniambia niruke Kondoa nikimbilie Mbeya.

Kolo nilipita kwa saa chache tu. Michoro ya miambani, iliyoingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, inahitaji safari yake peke yake. Njia ya zamani niliipata kati ya Kolo na Bereku: kama mita mia tatu, imemezwa na nyasi, na kalavati moja la mawe ambalo mbuzi wanalitumia kama kivuli.

Nyongeza kwa daftari la pili. Niliandika kwamba Arusha ni nusu ya njia kati ya Cape Town na Cairo, kama tunavyoambiwa sote pale Mnara wa Saa. Nimekaa na ramani. Cape Town ipo karibu nyuzi 34 kusini, Cairo nyuzi 30 kaskazini, hivyo katikati yake ni nyuzi 2 kusini. Arusha imepita nyuzi 3. Mji ulio karibu zaidi na mstari huo kwenye barabara hii ni Kajiado, ng'ambo ya Namanga. Naipenda Arusha, ni kwetu, lakini daftari nimelirekebisha.

Kiangazi kikikaa sawa nitatoka Dodoma kwenda Iringa kwa kupitia bwawa la Mtera. Mzee ameniomba nikifika nimuulizie dereva wake wa zamani, ambaye mara ya mwisho alimsikia yuko Mafinga. Jina lake nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari la nne.