Kitanda cha Sita kwa Sita

Mke wangu, ule ujumbe niliokutumia Juni 2020, wakati uko kwa mama Moshi unakunywa mtori na kumnyonyesha mdogo, niliuandika na kuufuta mara nne. Uliokufikia ulisema tu: "Nimepata nyumba ya bei nafuu Ngaramtoni, nahama Jumamosi." Eti nyumba! Vyumba viwili, choo cha nje, Luku ya kuchangia na wapangaji watatu.

Sababu ulikuwa unazijua. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa Aprili, na hata zilipofunguliwa Mei, sikuitwa KIA kupokea mgeni hata mmoja. Gari langu la safari lililala uani kwa bosi mpaka kuku wakalizoea. Kodi ya Njiro laki mbili na nusu kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Ningeitoa wapi?

Makochi niliyauza kulekule Njiro. Vingine vikaingia kwenye kirikuu, safari mbili. Kitanda ndicho kilichonitoa jasho. Tulikifungua, tukakipitisha mlangoni vipande vipande, chaga moja moja. Nilipomaliza kukiunga ndani, mlango ukagoma kufunguka. Nikabaki nimesimama juu ya godoro kama mbuzi juu ya kichuguu, na dereva wa kirikuu ananichungulia dirishani, anacheka. Sikumlaumu.

Akaitwa fundi seremala wa jirani. Mninga ule tuliununua kwa bakshishi za msimu wangu wa kwanza, unakumbuka. Alipoanza kuukata nikatoka nje, nikajidai napiga simu. Sita kwa sita ikawa nne kwa sita. Godoro nililikata mwenyewe, kwa kisu chako cha mkate, na mkono ulikuwa unatetemeka: kingo zikatoka kama meno ya mamba. Kikabaki kipande cha futi mbili, nikakisimamisha ukutani.

Usiku ndipo nikakuandikia ukweli wote, mpaka kitanda. Luku ilikuwa imekwisha, na sikujua zamu ni ya nani. Nikakaa gizani nangoja simu iwake. Nilijua utapiga, na nilishaandaa maneno.

Hukupiga. Baada ya dakika kumi hivi uliandika: "Hicho kipande cha godoro kiko wapi?"

Nikajibu kipo.

"Usikitupe. Mkubwa atalalia."