Mkojo unaobaki: nilivyomuuguza mume wangu

Kwa karibu mwaka mzima niliamini kwamba mume wangu anasumbuliwa na tezi dume. Aliamka mara tano au sita kwa usiku, akasimama chooni muda mrefu, akatoa mkojo kidogo, na kabla hajajifunika shuka vizuri akahitaji kurudi tena. Mwendo wake ulikuwa umekuwa mzito na kila alipoinuka alishikwa na kizunguzungu, lakini hayo sikuyahusisha na kibofu. Hospitali ya kwanza ilimpa dawa ya kutuliza kibofu, ambayo ilimkausha mdomo na hatimaye ikamziba mkojo kabisa.

Daktari wa mishipa ya fahamu ndiye aliyeuliza kibofu kinabaki na kiasi gani baada ya kukojoa. Altrasaundi, aliyofanyiwa mara tu alipotoka chooni, ilionyesha mililita 280. Namba ya juu ya presha yake nayo ilishuka kutoka 142 akiwa amelala hadi 108 aliposimama. Tukaambiwa ni MSA (multiple system atrophy), ugonjwa unaoua seli za ubongo taratibu, na ambao mwanzoni hufanana na Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaofanya mwendo uwe mzito. Daktari alinichorea ubongo nyuma ya karatasi ya dawa: katika ponsi, sehemu ya shina la ubongo, lipo kundi dogo la seli za neva, lililoelezwa na mtafiti Barrington mwaka 1925 kwa uchunguzi wa paka, ambalo huamuru kibofu kibane wakati mlango wake unalegea. Seli hizo na zile za mwisho wa uti wa mgongo zinapokufa, amri haifiki ipasavyo. Kumbe alikuwa anajaza mkojo mpya juu ya ule wa zamani! Upasuaji wa tezi dume usingemsaidia.

Muuguzi alitufundisha kuutoa mkojo unaobaki kwa mpira mwembamba unaopitishwa kwenye njia ya mkojo, mara nne kwa siku: mikono ioshwe kwa sabuni, kilainishi kiwe cha maji, kiasi kiandikwe daftarini. “Mama Salma, haya si ya mke,” mume wangu alisema siku ya kwanza, akajifanyia mwenyewe kwa miezi saba. Tuliinua pia upande wa kichwani wa kitanda, na akawa anakaa kitako kidogo kabla ya kusimama. Akawa anaamka mara mbili tu.

Sasa vidole vyake havishiki, kwa hiyo ninafanya mimi. Yeye hugeukia ukutani, nami humweleza bei ya samaki sokoni mpaka nimalize.