Theluji ya Kauri, Joto la Malindi

Boksi la kwanza nililipata kwa shilingi 400, nyumba moja ya mtaa wa Casuarina hapa Malindi, mwenyewe akifunga virago kurudi Italia. Alidhani nimefuata masufuria. Kumbe mimi jicho langu liko kwenye mipira kumi na mmoja ya mti wa Krismasi, vioo vyembamba kama ganda la yai, vifuniko vyao vimegongwa muhuri wa Ujerumani Magharibi. Muhuri huo unakwambia ni ya kabla ya 1990, nchi ile ilipoungana tena.

Siku hiyohiyo nikaharibu. Nilitia maji vuguvugu na sabuni kwenye beseni, nikatumbukiza mwekundu wenye mistari myeupe. Nilipoutoa, mistari imebaki majini. Rangi ya mipira hii imepakwa juu juu tu, na ule mng'aro wa fedha uko ndani. Maji yakipitia shingoni, fedha inabanduka. Nililia, sioni haya kusema. Sasa nafuta vumbi kwa brashi laini ya poda, kavu, basi.

Adui wa pili ni hewa yetu hii ya chumvi. Nilianza kwa kuifunga mipira kwenye mifuko ya nailoni, nikajiona mjanja. Baada ya mvua za masika nikakuta jasho ndani ya mifuko, vifuniko vyote kutu. Siku hizi kila mpira nauvika tishu na kuulaza kwenye trei ya mayai, trei naziweka kabatini mbali na ukuta wa nje. Trei naomba dukani, bure.

Kijiji kilikuja baadaye: nyumba nne za kauri kutoka Marekani, theluji imelala paani, kila moja na balbu yake tumboni. Nyumba za aina hii zilianza kuuzwa kule 1976, sita tu, na watu wakazipania. Nikatafuta adapta, nikachomeka kanisa. Pa! Giza. Fundi akapindua waya, akanionyesha maandishi: "Dada, hii ni ya volti 120. Hapa kwetu ni 240." Transfoma ya kushusha umeme ilikuwa ghali kuliko nyumba zote nne, kwa hiyo nimeweka vitaa vya betri. Havipashi moto, na kauri inapona.

Nilikuwa pia na wachungaji wa udongo wa yule Mwitaliano, wa pango la Yesu. Nikawachanganya. Mchungaji akawa mrefu kuliko kanisa! Bi mkubwa wa jirani alichungulia, akauliza, "Mwanangu, hili ni jini au?" Nikawatenganisha: kijiji juu ya kabati, pango chini ya tawi la mvinje ninalosimamisha kila Desemba, mbali na dirisha, kwa sababu kaskazi ikivuma haina simile.

Kondoo mmoja nimemwegemeza ukutani. Mguu wake ulibaki kwenye lile boksi la Casuarina.