Filamu yangu ya kwanza niliiuza lumbesa

Basi lilikuwa linapanda mlima Kitonga, abiria wengi wamesinzia, konda akachomeka flashi. Niliitambua kabla jina halijatokea, kwa mlio wa mvua kwenye bati la nyumba ya shangazi yangu kule Tukuyu. Filamu yangu. Kijana wa siti ya mbele akacheka palepale tulipotaka watu wacheke.

Nikamuuliza konda, "Kaka, hii muvi ya nani?" Akamtaja mwigizaji wa Dar aliye kwenye kava, ambaye kwetu alicheza sini mbili tu. Nikanyamaza. Nauli nilikuwa nimelipa kamili kama wengine.

Kabla ya filamu nilikuwa nanunua viazi kwa wakulima wa Umalila na kuvishusha soko la Mwanjelwa, Mbeya. Aliyefanya biashara ya viazi anaijua lumbesa: gunia linajazwa, kisha linaongezewa kilemba na kushonwa kwa kamba, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Nimenunua lumbesa nyingi, sikatai.

Hela ya viazi na mkopo wa kikoba ndivyo vilivyolipia siku 11 za kurekodi. Watu hudhani prodyuza ni yule mwenye hela. Hela yangu iliisha siku ya sita, na kazi yenyewe ndiyo kwanza ikaanza.

Siku hiyo tulikuwa na sini ya msiba. Kamera tayari, mwongozaji tayari, mara mashine ya kusaga ya jirani ikaanza kunguruma. Kinasa sauti hakibembelezwi. Nikamfuata mwenye mashine, "Ugonile, baba," nikamwomba azime kwa muda wa saa mbili. Akanionyesha foleni: akina mama kama 15 na ndoo zao za mahindi. "Mimi nitazima. Hawa utawaambia nini?"

Sikuwa na cha kuwalipa. Nikawaambia ukweli kwamba nina msiba usio na waombolezaji. Wakatazamana, wakacheka, wakaja na khanga zao wenyewe, wakakaa chini kama wanavyokaa msibani. Hakuna mwigizaji aliyelia vizuri kama wale. Katikati ya sini mmoja akanivuta mkono: "Mwanangu, tunazika saa ngapi? Unga wangu ndio ugali wa jioni." Wali na maharage nikawapikia kwa mchele wa mkopo. Yule baba nilimlipa baada ya miezi miwili.

Mwaka 2013 nikapeleka masta, yaani nakala mama ya filamu, kwa msambazaji Kariakoo. Ndio mwaka TRA, watu wa mapato, walipoanza stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki, na msambazaji akaifanya stempu hiyo sababu ya kunikandamiza bei. Akataka pia sura ya staa kwenye kava, na filamu ikatwe vipande viwili iuzwe mara mbili. Nikakubali yote, kikoba kilikuwa kinanidai. Karatasi ilikuwa kurasa mbili. Nilisoma pale penye tarakimu, nikasaini.

Nyumbani ndipo nilipousoma mstari wa chini: haki zote, kwa njia zote, popote, bila ukomo. Diski, televisheni, intaneti, hata sehemu ya tatu kama ningeiandika. Kilemba chote juu ya gunia, bei moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwepo tangu 1999, lakini sheria haimshiki mkono mtu anaposaini mwenyewe. Yule msambazaji hakuniibia. Alininunua kama nilivyokuwa nanunua Umalila, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sasa nauza kwa mafungu. Televisheni ina fungu lake na miaka yake imeandikwa, intaneti fungu lake, na vibanda vya video navizungukia mwenyewe nikiwa na projekta ya kukodi. Muda wa fungu ukiisha, linarudi kwangu. Ni polepole, na kuna mwezi naishi kwa viazi kuliko filamu. Wanunuzi wengine husema nawasumbua, wanataka masta yote wamalizane nami. Nawajibu masta hainunuliki.

Wiki ijayo narudi Tukuyu kurekodi. Kibali cha Bodi ya Filamu ninacho. Mwenye mashine ya kusaga nimeshampigia simu. Anasema wale akina mama wapo tayari, ila safari hii wameuliza posho ni kiasi gani, na wanataka iandikwe.