Tulichokikuta Kwenye Stoo ya Hospitali

Watu wengi wakisikia kwamba wanafunzi wa uhandisi wamekwenda kujitolea, hupata picha ya daraja, kisima au paneli za sola, pamoja na kibao cha uzinduzi. Kazi ya kujitolea niliyoifanya na wenzangu wanne, tukiwa mwaka wa pili wa stashahada ya uhandisi wa vifaa tiba, ilianzia kwenye stoo iliyo nyuma ya wodi ya wanaume katika hospitali moja ya wilaya huku kaskazini mwa Tanzania, nayo haikuacha nyuma yake jengo wala kibao. Ninaiandika kwa sababu ninaamini kwamba mwanafunzi wa fani yetu hana pa kufaa zaidi kuliko hapo, yaani mbele ya kitu ambacho tayari kipo, kinachohitajika kila siku, na ambacho kimesimama kwa hitilafu ndogo.

Muuguzi mfawidhi ndiye aliyetufungulia mlango. Tulimwamkia, akatuitikia, kisha akasema, "Wanangu, humu ndani kila kitu kimeandikwa kibovu, lakini sijui ni nani aliyewahi kukithibitisha." Ndani mlikuwa na mashine tatu za oksijeni, mashine mbili za kunyonyea makohozi na damu, kitanda cha upasuaji kisichopanda wala kushuka, taa ya kutibu manjano ya watoto wachanga, na mashine za kupimia presha zisizopungua kumi zilizorundikwa ndani ya boksi. Baadhi ya vitu hivyo vilikuwa vya msaada kutoka nje, na kimoja bado kilikuwa na plagi yenye pini mbili bapa ya volti 120, hali soketi zetu hutoa volti 230. Mtu aliyekichomeka bila kusoma bamba la nyuma alikiunguza siku ileile kilipofika.

Tulianza na mashine za oksijeni, kwa kuwa wodi ya watoto ilikuwa imebaki na moja tu inayofanya kazi. Mashine hii huvuta hewa ya kawaida ya chumbani, ambayo takriban asilimia 78 ni naitrojeni na asilimia 21 ni oksijeni, na kuisukuma kwa kompresa kupitia mitungi miwili midogo iliyojaa punje za zeolaiti. Punje hizo hunasa naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite. Mtungi mmoja unapotema naitrojeni yake nje, mwingine huendelea na kazi, na kwa kupokezana huko hewa inayomfikia mgonjwa huwa na oksijeni ya asilimia 90 au zaidi. Uzuri wake ni kwamba haihitaji gari la kwenda mjini kujaza mtungi. Udhaifu wake ni kwamba hula vumbi la chumba kilekile inamovutia hewa.

Mashine ya kwanza iliwaka, ikanguruma kwa dakika chache, kisha ikajizima. Tuliivuta sponji ya kuchujia hewa iliyo nyuma yake, na tulipoikamua kwenye beseni la maji ya sabuni, maji yakageuka rangi ya udongo mwekundu wa barabara ipitayo mbele ya hospitali. Kompresa ilikuwa inakosa hewa, inapata joto kupita kiasi, na swichi ya usalama ilikuwa inaikata umeme kama ilivyotengenezwa kufanya. Tuliianika sponji kivulini, tukafungua kifuniko, tukapuliza vumbi, tukabadilisha kibanio cha mpira mmoja uliokuwa ukivujisha hewa, kisha tukaiacha mashine iwake kwa nusu saa kabla ya kupima. Kipimo kilisoma oksijeni ya asilimia 93 kwa mtiririko wa lita tano kwa dakika, na hatukuwa tumenunua spea hata moja. Sponji ile inatakiwa kuoshwa takriban mara moja kwa wiki, na maelekezo hayo yamo katika kitabu cha mashine, ambacho kwa hapa kilikuwa kimeandikwa kwa lugha ambayo hakuna mtu wodini aliyeisoma.

Ya pili tuliiponya kwa njia karibu ileile. Ya tatu haikupona. Zeolaiti hunyonya unyevu, na mashine inayokaa stoo msimu mzima wa mvua bila kuwashwa huendelea kuharibika ingawa hakuna anayeigusa. Punje zake zilikuwa zimekwisha nguvu, na hewa iliyotoka haikuzidi sana ile ya dirishani. Hapo nilielewa kwamba kuandika neno "kibovu" na kufunga mlango ni uamuzi wenye gharama, kwa kuwa kifaa ambacho Januari kilihitaji sabuni, Juni kinaweza kuhitaji mitungi mipya ya zeolaiti.

Hali hiyo si ya hospitali ile peke yake. Mwaka 2011 mhandisi wa vifaa tiba Robert Malkin na mwenzake Perry walichapisha hesabu ya vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zinazoendelea, wakakuta kwamba asilimia 38.3 havikuwa vikifanya kazi. Malkin ni mmoja wa waanzilishi wa Engineering World Health, shirika lililoanza mwaka 2001 na ambalo limeleta wanafunzi wa uhandisi hadi Tanzania kujifunza Kiswahili na kisha kutengeneza vifaa hospitalini. Kutokana na kumbukumbu za kazi za wahandisi na wanafunzi wa kujitolea katika hospitali 60 za nchi 11, ilionekana kwamba asilimia 66 ya vifaa vilivyosimama vingeweza kurudi kazini kwa kutumia stadi 107 tu za msingi, zikiwemo za umeme, mabomba, mota na ufungaji wa kawaida. Nilipoisoma takwimu hiyo chuoni niliiona kuwa kubwa mno. Baada ya stoo ile sikuiona hivyo tena.

Hata hivyo, stadi za mikono hazitoshi bila masikio. Taa ya manjano, kwa mfano, ilikuwa inawaka vizuri, nasi tulitaka kuiandika nzima na kuendelea na kazi nyingine. Muuguzi wa wodi ya wazazi ndiye aliyetuzuia, akieleza kwamba tangu mirija yake ilipobadilishwa, watoto walikuwa wanakaa chini ya taa siku nyingi kuliko zamani. Tulipoitazama upya tukakuta kwamba mirija ya bluu ilikuwa imeondolewa na kuwekwa mingine myeupe ya dukani, ya kumulikia chumba. Mwanga unaovunja sumu ya manjano katika ngozi ya mtoto ni ule wa bluu, wa nanomita 460 hadi 490 hivi, na taa nyeupe hutoa sehemu ndogo tu ya huo. Umeme ulikuwa sahihi, fyuzi ilikuwa nzima, na kipimo chetu kisingeonyesha kosa lolote. Aliyeliona kosa ni muuguzi aliyehesabu siku za wagonjwa wake.

Hospitali ilikuwa na fundi mmoja, mtu mzima aliyekuwa akishughulikia jenereta, mabomba, vitasa vya milango na, ikibidi, vifaa tiba. Katika wiki yetu ya kwanza tulifanya kazi huku yeye akitutazama kwa mbali, na hilo lilikuwa kosa letu. Wiki ya pili tulimwomba aongoze, sisi tushike tochi. Aliijua historia ya kila kifaa, na alituonyesha namna ya kutia lehemu kwenye waya wa kitanda cha upasuaji mahali ambapo mkono wangu haukufika. Pamoja naye tulifungua daftari lenye ukurasa mmoja kwa kila mashine: ilipotengenezwa, ilikuwa na nini, nani aliigusa, na sponji ilioshwa lini. Maelekezo ya kuosha tuliyaandika kwa Kiswahili na kuyabandika ubavuni mwa mashine zenyewe.

Nawaheshimu wanafunzi wanaotoka mbali kuja kujitolea. Sisi wa hapa, lakini, tuna jambo ambalo wao hawana kwa urahisi, nalo ni nauli ya basi ya kurudi. Tulirudi mwaka uliofuata. Ukurasa wa mashine ya kwanza ya oksijeni ulikuwa umejaa tarehe kwa mwandiko wa fundi na wa wauguzi, na mashine ilikuwa wodini. Ya pili ilikuwa imesimama kwa miezi miwili kwa kukosa chujio la ndani, ambalo tulikuwa nalo mkobani kwa sababu fundi alitupigia simu kabla hatujaondoka. Ile ya tatu bado iko stoo ikisubiri zeolaiti, na jina lake ndilo la kwanza katika orodha ya spea tunayoichangia fedha sasa.