Salumych, theluji imeanguka au ilianguka?

Mwaka wangu wa tatu Voronezh, Urusi, nilikuwa na wanafunzi wawili na tatizo moja. Wanafunzi walikuwa mama mmoja mfamasia, umri wake hamsini na kitu, na kijana wa darasa la 11, mtoto wa jirani yake wa ghorofa ya chini. Tatizo lilikuwa ile hali timilifu ya Kiingereza, "I have done", ambayo Warusi wanaiogopa kama sisi tulivyoogopa logarithimu.

Mimi si mwalimu. Nilikwenda Urusi kusomea uhandisi, na mwaka wa kwanza mzima ukaishia podfak, yaani mwaka wa maandalizi ambapo mgeni anafundishwa Kirusi kabla hajachanganywa darasani na wenyeji. Mama mfamasia nilikutana naye dukani kwake, Januari, nikinunua dawa ya kikohozi. Akauliza kwetu wapi. Nikasema Tanzania. Akauliza kama huko tunasema Kiingereza. Nikasema tunakisomea shuleni. "Basi utanifundisha," akasema, kwa sauti ileile aliyoniambia kijiko kimoja mara tatu kwa siku. Binti yake ameolewa Kanada, mkwe hajui neno la Kirusi, na mjukuu alikuwa na miezi kumi.

Warusi humwita mtu wanayemheshimu kwa jina lake na la baba yake. Siku ya kwanza akataka kujua baba yangu anaitwa nani. Salumu. "Kumbe wewe ni Salumovich." Wiki ya pili nilikuwa nimeshakuwa Salumych, ufupisho ambao wazee wa kule hupeana wakizoeana. Mimi nilimwita kwa majina yake yote mawili bila kukata, maana mtu wa rika la mama yangu siwezi kumwita jina tupu, na katika hilo Kirusi na Tanga vinaelewana vizuri.

Nilianza kwa njia ya vitabu vyao vya mazoezi. Kila ukurasa una amri moja: "raskroyte skobki", fungua mabano. Ndani ya mabano kuna kitenzi kibichi, nawe unakiweka katika wakati wake. Kijana alikuwa anajiandaa na mtihani wa taifa wa kumaliza shule, wanaouita YeGE, ambao nao una zoezi la namna hiyo: matini fupi yenye mapengo, pembeni maneno kwa herufi kubwa. Alikuwa amehifadhi zile zinazoitwa fomu tatu za kitenzi, go, went, gone, take, took, taken, akizighani kwa mahadhi kama watoto wa chuoni wanavyoghani alifu na be. Fomu ya tatu ya kitenzi chochote alikuwa nayo mdomoni. Asichojua ni lini aitumie. Akiona "already" au "never" anaiweka. Pasipo na neno la kumshtua, anabahatisha.

Ugumu wenyewe nilichelewa kuuelewa. Kirusi kina wakati uliopita mmoja tu. "Ya poteryal klyuchi" ni nimepoteza funguo, na ni nilipoteza funguo vilevile. Anayesikiliza ndiye atakayejua. Badala ya nyakati nyingi, vitenzi vyao hutembea viwiliwili: kimoja cha tendo lililofika mwisho, kingine cha tendo lenyewe bila kujali lilifika wapi. "Prochital" amesoma akamaliza, "chital" alikuwa akisoma, au alisoma tu, hujui kama alimaliza. Kijana, ambaye ana akili ya kujitungia sheria, akaniambia: Salumych, ni rahisi, kilichokamilika kwetu ndicho timilifu kwa Waingereza. Jina lenyewe si linasema? Nikaona ana hoja. Wiki mbili nzima tukafanya mazoezi kwa sheria hiyo, na mimi nikimpa alama.

Ikavunjika siku tulipokuwa tunazungumzia filamu. Mrusi anapokuuliza umeshawahi kuiona filamu fulani anasema "ty smotrel etot film?", na hicho ni kitenzi kisichokamilika. Kiingereza chake ni "have you seen this film?", timilifu kabisa. Tena "ya prochital knigu vchera", kitabu nimekimaliza jana, kitenzi kilichokamilika, Kiingereza kinataka "I read the book yesterday", wakati uliopita wa kawaida. Yaani sheria yetu ilikosea kwenda na kurudi. Nilirudi bwenini ndani ya marshrutka, vile vibasi vyao vidogo kama daladala, nikiwa na aibu ya wiki mbili.

Ufumbuzi ulitoka jikoni. Siku ya somo lililofuata mama mfamasia aliniuliza kama nimekula. Nikamjibu kwa Kirusi "yeshcho ne yel", bado sijala, na wakati najibu nikajisikia kichwani nikisema "sijala". Si "sikula". Sikula ni ya jana usiku: niliumwa tumbo, sikula, yamepita. Sijala ni ya sasa hivi, njaa ninayo na mlango wa sahani uko wazi. Maneno mawili yanatofautiana kwa silabi moja, na Kiingereza kinayatenganisha palepale: "I didn't eat" na "I haven't eaten". Miaka yote ya sekondari nilifundishwa timilifu ya Kiingereza kama kitu kigeni, na hakuna aliyeniambia kwamba bibi yangu anaitumia tangu alfajiri.

Nikachukua boksi tupu la dawa, nikaandika nyuma yake: nilikula, nimekula, nimeshakula, sijala, umewahi kula? Nikawafundisha hayo matano kabla ya Kiingereza chochote. Mtu anaweza kuuliza, mbona unamtwika Mrusi lugha ya tatu? Sababu ni "have". Kirusi kwa kawaida hakisemi "nina gari" kwa kitenzi cha kumiliki kama "have". Husema "u menya yest' mashina", kwangu kuna gari. Kwa hiyo mwanafunzi anapoona "I have written a letter" anasimama kwenye "have" akijiuliza huyu ana nini, barua au kalamu. Kiswahili hakimsimamishi. Anaona -li- na -me- tu, na macho yanakwenda moja kwa moja kwenye maana. Akishaielewa maana, "have" anaikubali kama vazi lake la Kiingereza.

Kutoka hapo nilibaki na swali moja, nikaliuliza kwa Kirusi: "a seychas?" Na sasa hivi? Nimepoteza funguo. A seychas? Hazipo, nimesimama mlangoni: "I have lost my keys." Nilipoteza funguo Jumatatu. A seychas? Nilizipata: "I lost my keys on Monday." Mama alilipenda swali hilo mpaka akawa ananiuliza mimi.

Zoezi lililofanya kazi kuliko yote lilikuwa la dirishani. Tukifika kwenye somo tunachungulia nje kwanza. Ardhi nyeupe, hakuna kinachoanguka: "It has snowed." Ushahidi uko chini, unauona. Ardhi kavu lakini tunakumbuka jana: "It snowed yesterday." Inaanguka sasa hivi: hiyo nyingine. Kwetu ningelifanya kwa mvua na matope, lakini Voronezh mwezi Februari dirisha halikosi kazi. Asubuhi moja kijana alinipigia simu kabla ya shule kuniuliza kwa Kiswahili chake cha boksi la dawa, theluji imeanguka au ilianguka. Nilikuwa bado kitandani. Nikamwambia sijaona. Akacheka, "-ja-!" akakata.

Halafu jokofu. Unafungua mlango, unaangalia kilichopungua, unamshtaki mtu. Somebody has eaten the cheese. Nobody has bought milk. Mama alikuwa hodari wa mashtaka.

Na safari. Kiingereza kina "she has gone to Sochi", yuko hukohuko, na "she has been to Sochi", alikwenda akarudi. Hapa Kiswahili hakinisaidii sana, ila Kirusi chenyewe kina dawa: "uyekhala" ameondoka, na "yezdila" ni ile safari ya kwenda na kurudi. Nilipowaonyesha hilo, somo ambalo nililipangia saa nzima likaisha kwa dakika kumi.

Sasa niseme pale Kiswahili kiliponiumbua. Mama alitaka kumuuliza mkwe kwenye simu ya video kama mtoto amelala. Mimi, bila kufikiri: amelala, -me-, "Has she slept?" Akauliza hivyo. Mkwe akajibu ndiyo, saa mbili nzima, akageuza kamera, na mtoto alikuwa sakafuni anapiga sufuria kwa mwiko. Kosa langu. "Amelala" yetu haisemi usingizi umekwisha, inasema yumo ndani yake. Ni kama amesimama, amevaa, amechoka, amekasirika: tendo limepita na mtu amebaki katika hali. Kiingereza cha hapo ni "Is she asleep?" Nililazimika kukaa usiku nikiandika vitenzi vya aina hiyo na kuvitoa kwenye boksi la dawa. Ungekuwa unamfundisha Mrusi kwa njia yangu, anza kwa kuviondoa hivyo.

Mkwe huyohuyo alituletea kesi nyingine. Mama alikuja siku moja akiwa na furaha ya mtu aliyekamata mwizi. "Salumych, yeye mwenyewe haitumii! Amemwuliza binti yangu, did you eat yet." Ni kweli. Amerika ya Kaskazini, katika mazungumzo ya kawaida, watu wengi wanaweka wakati uliopita wa kawaida pamoja na "yet", "already" na "just", mahali ambapo Mwingereza angeshikilia "have". Kijana alipanda kutoka chini aliposikia zogo, akatangaza kwamba basi na yeye anahamia Kanada. Nikawaambia: mama, wewe sikia yote mawili, tumia lolote, mkwe atakuelewa. Wewe kijana, anayekusahihishia YeGE si mkwe.

Kuna kitu kimoja hakikukubali mpaka mwisho. Mrusi husema "ya zhivu zdes' pyat' let", ninaishi hapa miaka mitano, kwa wakati uliopo, na neno la kubeba ile miaka hana. Kwa hiyo: "I live here five years", mahali pa "I have lived here for five years." Nilipotaka kukimbilia Kiswahili nikakuta nasi tunafanya vilevile. Namfahamu miaka kumi. Niko hapa tangu Septemba. Lugha zetu mbili zilikaa upande mmoja, Kiingereza peke yake upande wa pili, na "a seychas?" haikusaidia kitu, maana jibu la sasa ni kwamba bado anaishi. Nilichofanya ni kuvuta kamba. Kweli kamba, ya kuanikia nguo, kutoka mlangoni mpaka dirishani. Mlangoni ni mwaka aliohamia, dirishani ni leo, na kibanio cha nguo ni yeye. Tukiongelea urefu wa kamba ni "for". Tukigusa kitasa cha mlango ni "since". Ukisema "I live" umeshika dirisha tu, kamba imeanguka. Kijana alielewa kwa kamba. Mama alielewa siku ya kamba, na siku iliyofuata akaniambia "I know you four months."

Matamshi sitayasema sana. Mrusi konsonanti ya mwisho huizima, "I've" ikawa "aif", nami kwa upande wangu kila konsonanti ya mwisho natamani kuiongezea irabu. Tulikuwa tunasahihishana vipofu wawili. Tulichokubaliana ni kwamba asiyeweza "I've" aseme "I have" yote, polepole, hakuna atakayemfukuza.

Kijana nilimpa kalamu nyekundu na kazi moja ya mwisho kabla ya mtihani: asitafute tena "already" na wenzake, atafute saa. Palipo na jana, Jumatatu, mwaka 2010, "ago", saa iliyokwisha, "have" haikai. Hili nililisisitiza kwa sababu najua ugonjwa wangu. Mtaani kwetu mtu anasema "nimemwona jana" na hakuna anayeshtuka, ndiyo maana ukitusikia tukiongea Kiingereza, "I have seen him yesterday" haiko mbali.

Alifanya mtihani wake Juni. Julai nilikuwa mezani kwa mama mfamasia nikiandika barua pepe kwa Kiingereza, naomba nafasi ya mafunzo kazini, na kijana amesimama nyuma ya bega langu anakula. Nilikuwa nimeandika, "I have completed my second year in June." Akanyoosha kidole kwenye kioo, akakiacha pale juu ya "June" bila kusema neno, makombo yakidondokea kibodi.

"Nini?"

"Saa, Salumych."

Nikafuta "have". Mama akauliza kuna nini, akaelezwa kwa Kirusi cha haraka ambacho sikukipata chote, ila jina langu lilitajwa mara tatu. Akaongeza maji kwenye birika. Pryanik ya mwisho sahanini, ile biskuti yao ya asali na viungo ambayo kwa kawaida huwekewa mwalimu, akampa kijana.